Pointi za PCB na nafasi ya kusomea udaktari: mwongozo kamili wa kuomba MD Tanzania

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, swali la kwanza nyumbani ni lilelile: "Kapata divisheni ngapi?" Kwa anayetaka kusomea udaktari wa binadamu (MD), jibu la swali hilo halitoshi. Mwanafunzi mwenye Daraja la I la pointi 7 anaweza kukosa sifa ya kuomba MD kabisa, na mwenzake mwenye Daraja la II la pointi 12 akawa nayo. Si uonevu. Baraza la Mitihani (NECTA) na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanahesabu pointi kwa njia mbili zinazokwenda kinyume, na chuo kinaangalia hesabu ya TCU.

Hatua ya kwanza: geuza pointi zako

Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi zikiwa chache ndiyo nzuri. Daraja la I ni pointi 3 hadi 9, la II ni 10 hadi 12, la III ni 13 hadi 17.

Kwa TCU mambo yamegeuzwa: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapa zikiwa nyingi ndiyo nzuri. S haihesabiki kama ufaulu kamili wa somo, kwa hiyo mwenye S katika mojawapo ya masomo matatu ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) aende moja kwa moja kwenye sehemu za mwisho za mwongozo huu.

Njia ya mkato: kama masomo yote matatu yako kati ya A na E, chukua 18, toa pointi za NECTA, kinachobaki ni pointi za TCU. Mwenye I.3 (Daraja la I, pointi 3) ana 15. Mwenye I.6 ana 12. Mwenye I.9 ana 9, hapo hesabu mbili zinakutana, na ndipo wengi wanapojichanganya wakidhani ni kitu kimoja. Mwenye II.12 ana 6.

Masomo yanayohesabiwa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia tu. General Studies na BAM (Basic Applied Mathematics) hayaingii kwenye pointi hizi, hata kama BAM umepata A.

Hatua ya pili: pita mlangoni kwanza

Sifa ya chini ya MD kwa mwenye kidato cha sita ni pointi 6 za TCU, na kila somo kati ya hayo matatu lisipungue D. Masharti ni mawili na lazima uyatimize yote. Watu hukariri "pointi sita" wakasahau la pili.

Chukua matokeo haya: Baiolojia A, Kemia A, Fizikia E. NECTA: 1 + 1 + 5 = 7, Daraja la I. TCU: 5 + 5 + 1 = 11. Cheti kinang'aa, lakini ile E ya Fizikia imeufunga mlango wa MD. Sasa weka pembeni yake D, D, D: pointi 12 za NECTA, Daraja la II, pointi 6 za TCU. Huyu ana sifa. Kama atapata nafasi ni suala jingine, lakini mfumo wa maombi hautamkataa pale mwanzoni.

Mtu wa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) au CBN (Kemia, Baiolojia, Lishe), hata awe na A tatu, hana Fizikia, kwa hiyo MD haipo kwake. Hili linapaswa kujulikana kabla ya kuingia kidato cha tano, wakati wa kuchagua tahasusi. Ukishafika kidato cha sita umechelewa.

Udaktari wa meno nao hudai D katika masomo yote matatu. Famasia na Uuguzi huikubali E ya Fizikia, ila Kemia na Baiolojia lazima ziwe zimesimama vizuri. Yule mwenye A, A, E tuliyemtaja hapo juu huko anagombewa.

Kitabu cha kuangalia ni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, unaopatikana bure kwenye tovuti yao. Viko viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Hakikisha umeshika chako. Kila programu ina mstari wake wenye sifa za kuingia, pointi za chini za chuo, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Wengi husoma sifa wakaishia hapo. Safu ya idadi ya nafasi ndiyo inayokwambia ushindani ukoje, kwa hiyo isome kwa makini kuliko zote.

Hatua ya tatu: pima ushindani bila kujidanganya

Sifa ya chini inakuruhusu kuingia kwenye foleni. Chuo kinapanga waombaji wote wenye sifa kuanzia mwenye pointi nyingi, kinashuka hadi nafasi ziishe. Nafasi zikiisha kwenye pointi 12, mwenye 11 ameachwa hata kama sifa ya chini ni 6. Kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba pointi fulani inaingia chuo fulani mwaka huu. Inategemea walioomba pamoja nawe. Anayekuhakikishia kwa malipo anakuibia.

Vyuo vinavyotoa MD havifanani. MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) pale Upanga, jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili, kina jina kubwa na ada ya umma, kwa hiyo wenye A tatu huanzia hapo. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya navyo ni vya umma, na ushindani wake ni mkali. Bugando (CUHAS) Mwanza na KCMC Moshi ni vya mashirika ya dini, vyote vikiwa ndani ya hospitali kubwa za rufaa, na ada yake ni mara kadhaa ya ile ya vyuo vya umma. Hubert Kairuki, Mikocheni, ni chuo binafsi kilichoanza 1997. Wapo pia KIU (Kampala International University) Gongo la Mboto, Mtakatifu Fransisko Ifakara, na SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kwa upande wa Zanzibar.

Kipimo tunachokitumia kushauri ni hiki, na ni makadirio tu. Ukiwa na pointi 13 hadi 15 za TCU (I.3 hadi I.5), omba popote, umma kwanza. Ukiwa na 10 hadi 12 (I.6 hadi I.8), changanya: viwili vya umma unavyovitaka, na viwili au vitatu vya dini au binafsi. Ukiwa na 9, chuo cha umma kiwe bahati nasibu, na msingi wa maombi yako uwe kwingine. Ukiwa na 6 hadi 8, yaani Daraja la II, weka nguvu zote kwenye vyuo binafsi na ukae chini na wazazi kuhusu fedha kabla ya kuomba. Kupata nafasi ukashindwa kulipa ada ya mwaka wa kwanza ni kupoteza mwaka.

Kosa kubwa la wenye I.3 ni kuomba chuo kimoja tu kwa kujiamini. Kosa kubwa la wenye Daraja la II ni kuomba vile vyuo vitatu vyenye majina, kisha kulalamika Septemba.

Kama mtihani bado haujafika

Mpaka wa daraja ni alama moja. Alama 59 ni D, alama 60 ni C. 49 ni E, 50 ni D. Kwa mtu wa MD, mpaka unaouma kuliko yote ni huo wa 50 kwenye somo lake dhaifu, na mara nyingi somo hilo ni Fizikia. Ukiona mock imekupa Baiolojia B na Fizikia E, achana na hamu ya kuipandisha Baiolojia iwe A. Hiyo ni nyongeza ya pointi moja. Fizikia ikitoka E kwenda D nayo ni pointi moja, lakini ndiyo inayofungua mlango. Saa za jioni zipeleke huko hadi D iwe na uhakika, halafu ndipo urudi kutafuta A.

Alama za bei rahisi zaidi ziko kwenye karatasi ya tatu, ya vitendo, na ndizo zinazomwagika ovyo. Katika usawazishaji (titration) wa Kemia, usomaji wa bureti huandikwa kwa desimali mbili: 24.50, si 24.5. Jaribio la kukadiria haliingii kwenye wastani, na majibu unayoyachukua yasitofautiane zaidi ya 0.2. Katika Fizikia, grafu hukosa alama kwa vitu vya kitoto: mihimili haina vipimo, skeli imebana pointi zote kwenye kona ya karatasi, mteremko umekokotolewa kwa kutumia pointi za jedwali badala ya pointi zilizo juu ya mstari wenyewe. Katika Baiolojia ni mchoro uliotiwa vivuli na mistari ya majina inayokatizana. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji akili nyingi. Kinahitaji umefanya mara kumi kabla ya Mei.

Hatua ya nne: kuomba

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa kila chuo unachokitaka, unalipa ada ya maombi ya chuo hicho kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unapanga programu kwa vipaumbele. Maana yake ni kwamba nafasi zako za MD zinaongezeka kwa idadi ya vyuo. Vipaumbele ndani ya chuo kimoja haviziongezi, kwa sababu MD chuoni ni moja. Vyuo vinne au vitano vinatosha mtu wa kawaida.

Andaa hivi kabla dirisha halijafunguliwa: namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, kwa mtindo kamili wa kituo, mtahiniwa na mwaka, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na laini ya simu na barua pepe vilivyo vyako.

Hapo kwenye simu tusimame kidogo. Wengi huombea steshenari. Kijana wa steshenari ana haraka, foleni ni ndefu, anajaza namba yake na barua pepe aliyoitengeneza hapohapo, nywila anaijua yeye. Wiki sita baadaye TCU wanatuma namba ya siri ya kuthibitisha udahili, inaingia kwenye simu ya mtu aliyeko Kariakoo, na wewe uko Nachingwea. Kaa kando yake, hakikisha namba inayoandikwa ni yako, nywila iandike kwenye daftari, na usiibadilishe laini hiyo hadi umesajiliwa chuoni.

Majina nayo husumbua. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Hamisi na cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Hamis, anza kulishughulikia mapema. Mfumo hufuata majina ya NECTA, lakini Bodi ya Mikopo itataka yote yaendane, na marekebisho kwa kiapo au hati ya kubadili jina huchukua muda.

Kuhusu vipaumbele vya pili na vya tatu: usijaze programu ambayo hutaki kuisoma. Ukiweka Uuguzi nafasi ya pili kwa kujaza tu, na ukapata huo peke yake, unahesabika umeshadahiliwa, na dirisha la pili limewekwa kwa ajili ya ambao hawakupata. Kama uko tayari kuwa muuguzi, weka. Kama huko tayari, acha wazi, subiri awamu ya pili.

Hatua ya tano: majibu yakitoka

Vyuo hutangaza majina, na akaunti yako huonyesha hali yako. Ukichaguliwa chuo kimoja tu, huna cha kuthibitisha, jiandae kuripoti. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utapokea namba ya siri kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, kile kimoja, uiingize hapo. Isipofika, akaunti hiyohiyo ina sehemu ya kuiomba tena. Ukikosea chuo, unaweza kufuta uthibitisho na kuthibitisha kwingine maadamu dirisha halijafungwa. Ukipuuza hadi siku zipite, unaweza kuzipoteza nafasi zote kwa mpigo.

Usipochaguliwa awamu ya kwanza, usirudie maombi yaleyale. Angalia programu zilizobakiwa na nafasi. Kwa kawaida MD za umma zimeshajaa, na za vyuo binafsi bado zipo kwa sababu waliochaguliwa sehemu mbili wamethibitisha kwingine. Wenye pointi 8 na 9 hupita sana hapa, ila wawe macho: dirisha hukaa wazi siku chache.

Mkopo

Uombe mapema, hata kabla hujajua chuo. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa namba ya kidato cha nne, na namba hiyo iwe ileile uliyoombea chuo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kwa waliozaliwa Zanzibar, na wakala wa huko), na cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Foleni ya uhakiki ndiyo inayowachelewesha watu. Fomu isainiwe serikali ya mtaa, na kila ukurasa unaotakiwa upakiwe. Ukurasa mmoja wa sahihi ukisahaulika, maombi hayajakamilika. Programu za afya zimo kwenye kipaumbele, lakini kwa chuo binafsi usitarajie mkopo umalize ada yote. Wenye ufaulu wa juu kabisa katika sayansi waulizie pia Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022/23.

Kama mlango umefungwa: kurudia au kupitia utabibu

Mwenye E au S ya Fizikia ana njia mbili za maana.

Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunafaa kwa aliyekosa kidogo. Usajili hufanywa miezi mingi kabla ya Mei, na anayechelewa hulipa faini. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi. Kituo cha bei nafuu kisicho na maabara kitakuua kwenye karatasi ya tatu. Na kabla ya kurudia somo moja peke yake, vipigie simu vyuo unavyovitaka uulize kama watakubali matokeo ya vikao viwili. Jibu lipate kwao wenyewe, si kwa mwenye tuisheni.

Njia ya pili ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Aliyemaliza kidato cha nne huingia kwa ufaulu wa kuanzia D katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukihitimu unakuwa afisa tabibu, una kazi mkononi, na unaweza kuomba MD ukiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0. Lakini kuna mtego: kwa njia hii chuo hurudi kutazama cheti cha kidato cha nne, na hutaka D au zaidi katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwenye GPA ya 4.5 na F ya Hisabati amekwama palepale. Angalia cheti hicho kabla hujalipa ada ya mwaka wa kwanza wa utabibu.

Nafasi za MD kwa wenye stashahada ni chache, kwa hiyo 3.0 ni ya kupanga foleni tu. Na kabla ya kuomba, upate namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo mfumo wa chuo hautakutambua, na hutolewa baada ya chuo chako kupeleka matokeo, kwa hiyo anza kukisumbua chuo mara tu unapohitimu.

Wanaofikiria kwenda nje

Mawakala wa vyuo vya nje huwa na maneno matamu hasa kwa wale wenye E. Kabla ya kumpa mtu hata shilingi, fanya mambo mawili. Kwanza, hakikisha TCU wanakitambua chuo hicho na programu hiyo. Pili, omba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kusafiri. Hapo ndipo utajua kama alama zako zinakubalika kwa kipimo cha nyumbani. Daktari aliyesoma nje atarudi na kupita TCU ili tuzo yake itambuliwe, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika ili asajiliwe, na baada ya miaka hiyo yote ndani ya jalada lake watakuta ileile E ya Fizikia. Muulize wakala, kwa maandishi, ni nani kati ya wanafunzi wake wa miaka iliyopita ambaye sasa amesajiliwa na baraza hilo, na kama anaweza kukuunganisha naye.